Maji ya Mungu, Mfereji wa Nani?

MHANDISI WA MAJI: Sipendi mtu anisingizie kwamba nauza neema ya Mwenyezi Mungu. Mvua hushuka bure, wala hapana mtu katika mamlaka yetu aliyepata kudai bei ya tone lililomdondokea mja kichwani; tudaicho ni ijara ya kuyatoa maji chini ya ardhi kwa pampu zinazokula umeme usiku na mchana, kuyatia dawa, kuyapandisha matangini, na kuyafikisha katika ua wa mtu kwa bomba lililonunuliwa kwa fedha za kigeni. Kwa miaka mingi baada ya Mapinduzi ya 1964 raia wa Unguja na Pemba walizoea kuyapata bila malipo, mpaka ilipotungwa Sheria ya Maji ya 2006 iliyounda mamlaka na kuhalalisha utozaji, na hapo ndipo tulipotambua kwamba tumerithi mabomba yaliyozeeka, mifereji iliyoachwa ikivuja kwa kuwa kivujacho hakikuwa mali ya mtu, na hazina isiyokuwa na kitu. Umeme uvukao bahari kutoka bara ulipokatika Disemba 2009, na kisiwa cha Unguja kikakaa gizani hadi Machi 2010, watu walikosa maji ilhali visima vilikuwa na maji tele. Pampu ndizo zilizosimama. Mwenye kusema maji ni bure na aniambie umeme huo ulipiwe na nani.

MAALIM: Umeanza kwa kukana jambo ambalo hujashitakiwa, Bwana Mhandisi, nami mtu akianza hivyo hudhani kwamba anajua pahala panapomuuma. Katika dini tuliyolelewa nayo waja wamehesabiwa kuwa washirika katika vitu vitatu, maji na malisho na moto, wala sikupata kusoma kwamba ushirika huo huvunjika mtu anaposhindwa kulipa karatasi ya mwisho wa mwezi. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alirithi mji ambao kipindupindu kilikuwa kimetoka kuufagia, akayaleta mjini kwa mabomba maji ya chemchem ya upande wa Bububu, na watu wakateka pasipo kutozwa. Je, yatupasa sisi tuwe wachoyo kuliko ufalme tulioupindua?

MHANDISI WA MAJI: Sayyid Barghash alikuwa na forodha yake na ushuru wa karafuu, Maalim. Maji yake hayakuwa bure hata siku moja, bali yalilipiwa na jasho la watumwa wa mashamba ya karafuu, ambao wengi wao hawakupata kuyaonja. Na kisima cha Ruma huko Madina, ambacho naona kimo njiani kunifikia, Sayyidna Uthman bin Affan alikinunua kwa mali yake kutoka kwa mwenyewe aliyekuwa akiwauzia watu maji, kisha ndipo akakifanya wakfu kwa Waislamu wote. Alilipa! Nionyeshe maji ya bure pahala popote, nami nitakuonyesha aliyeyagharimia. Hata wanachuoni wako hupambanua, wakasema maji yaliyomo mtoni ni ya wote, ama yule aliyekwisha kuyahifadhi katika chombo chake anayo haki ya kuyauza.

MAALIM: Anayo haki ya kuyauza, wala hana haki ya kumzuia mwenye kiu asiyekuwa na thamani yake, sharti hilo umeliruka, nawe si mtu wa kusahau. Na kisa cha Ruma chanisaidia mimi kuliko kinavyokusaidia wewe, kwa kuwa Uthman hakukinunua kisima kile ili awauzie watu kwa bei nafuu. Alikinunua ili kuuza kukome.

MAMA WA NG'AMBO: Niruhusuni nami, wanangu, maana nasikiliza tangu mwanzo naona mwabishana kama kwamba mimi ni mtu asiyelipa, hata ikawa mmoja wenu ataka nianze na mwengine ataka nisianze. Mimi nalipa siku zote! Mfereji wa uwani kwetu hutoka maji saa nane ya usiku, siku utokapo, na jirani yangu mwenye mashine ya kuvuta ameiunga katika bomba la njiani moja kwa moja. Akiiwasha tu, wangu huvuta pepo, utausikia unavyokoroma. Yeye hujaza tangi lake la juu, asubuhi nami namtuma mjukuu wangu akanunue dumu. Mhandisi husema uniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Basi dumu likiuzwa kwa shilingi 100 tu, uniti yangu mimi imefika shilingi 5,000, na ikipanda siku za ukame sisemi. Hayo maji ya bure mnayoyalilia yalikuwako, nakubali, lakini yalikuwa bure kwa mwenye mashine.

MAALIM: Kumbe wamuunga mkono Mhandisi, Bibi?

MAMA WA NG'AMBO: Simuungi mtu. Nyumba yetu ina vyumba sita, kila chumba na watu wake, na mita ni moja. Mita haihesabu watu, huhesabu maji. Nimesikia kwamba pahala pengi bei hupangwa kwa madaraja, ya chini kwa atumiaye kidogo na ya juu kwa atumiaye mengi, na watu wakasifu kwamba huko ndiko kumhurumia fukara. Hebu mniambie, jamaa sita masikini wakichanganya maji yao katika mita moja wataangukia daraja gani, kama si la tajiri mwenye bustani? Kulipa kwenyewe si dhulma. Dhulma ni mimi kulipa zaidi kuliko yeye.

MHANDISI WA MAJI: Hoja hiyo siipingi, Bibi, na walioibuni bei ya madaraja walifikiri kila mita ina mume mmoja na mke mmoja na watoto wawili. Dawa yake ni mita kwa kila chumba, au kioski cha mtaa kinachouza kwa bei ya mamlaka. Ama hizo mashine za kuvuta, ni haramu kwa kanuni zetu, bali kila tuzifuatapo mwenyewe huwa na mjomba wake.

BWANA AFYA: Mimi nimekaa kimya kwa adabu, lakini sasa natia neno, kwa kuwa wote watatu mwazungumza habari ya maji kama bidhaa, wapi yatoke na nani ayagharimie, wala sijasikia mtu akitaja maradhi. Katika KwaZulu-Natal, Afrika ya Kusini, Agosti 2000, pahala palipokuwa na maji pasipo gharama pakatiwa mita za kulipia kwanza. Wasiokuwa na fedha wakarudi mtoni na mabwawani, na kipindupindu kikazuka, kikaenea, hata wagonjwa wakazidi 100,000. Fedha iliyotumika kuwatibu ingalitosha kuwapa maji miaka mingi. Na kipindupindu hakimjui aliyelipa na asiyelipa. Mwaka 2016 skuli za hapa zilifungwa kwa ajili yake, na biashara ya vyakula vya njiani ikapigwa marufuku, muuza juisi akakosa riziki sawasawa na mwanafunzi aliyekosa somo, ijapokuwa huenda wote wawili walikuwa na mita nyumbani kwao.

MHANDISI WA MAJI: Kisa hicho kina mwisho wake, nao hukuutaja. Serikali ya huko iliipa kila nyumba lita 6,000 bure kwa mwezi, yaani lita 25 kwa mtu kwa siku katika nyumba ya watu wanane, na zinazozidi zikalipiwa. Watu wa Phiri, Soweto, waliposhitaki kwamba hazitoshi na kwamba mita za kulipia kwanza si halali, Mahakama ya Katiba mwaka 2009 ikaona kipimo hicho hakivunji katiba. Kadhalika Umoja wa Mataifa ulipotangaza Julai 2010 kwamba maji na usafi wa mazingira ni haki ya binadamu, waliofasiri haki hiyo hawakusema maji yatolewe bure; walisema bei isimshinde mtu.

MAALIM: Lita 25! Kwa kunywa, na kupika, na kufua, na kuoga, na kutawadha mara tano, na kwenda chooni? Mahakama ile haikuwa na hakimu aliyejaribu.

BWANA AFYA: Hilo neno la choo, Maalim, umelipitisha upesi kama wapitishavyo wote, nami naomba tulikalie. Asilimia kubwa ya nyumba za Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, hazina bomba la maji machafu. Lipo Mji Mkongwe, nalo huishia baharini. Nyumba nyingine nyingi zina makaro, yaani mashimo ya maji machafu. Na kisiwa chetu kimejengwa juu ya mawe ya matumbawe, yenye nyufa na mapango, ambamo maji hayachujwi kama yanavyochujwa katika mchanga, bali hupita. Kanuni husema choo kiwe mbali na kisima mita 30, na kanuni hiyo iliandikwa kwa nchi ya udongo. Katika jiwe lenye nyufa mita 30 hazizuii kitu. Basi mimi husikia watu wakisifu kisima cha fulani kwamba maji yake ni matamu na baridi, nami huangalia karo liko wapi, nikanyamaza. Zaidi ya hayo, Mhandisi, mwaahidi kumpa Bibi maji mengi zaidi. Vizuri. Mtu anayetumia dumu moja kwa siku karo lake hujaa polepole. Mpe madumu matano, na karo litafurika kabla ya masika. Kila lita uiletayo kwa bomba lako hutoka, nawe hukuiandalia njia ya kutokea.

MAMA WA NG'AMBO: Hapo sasa mmefika kwangu. Karo letu lilifurika mwaka wa masika makubwa. Utajua limejaa maji yakianza kurudi katika tundu la choo, kisha mfuniko wa zege ukatoa majimaji pembeni, meusi, na nzi. Gari la kunyonya lilikuja likasimama njia kuu. Mpira wake haukufika, kwa sababu uchochoro wetu hupita mkokoteni mmoja, tena kwa kuomba radhi. Tukawatafuta vijana wa kuzoa. Walikuja usiku, wakamimina mafuta ya taa kupunguza harufu, wakauinua mfuniko kwa mtaimbo, wakasubiri hewa itoke, kisha mmoja akashuka kwa kamba, miguu mitupu, na ndoo. Umri wake nilimdhania sawa na mjukuu wangu. Uchafu wenyewe walichimba shimo pembeni, pale pale uwani, wakaufukia. Ujira wao ulikuwa mkubwa kuliko malipo yangu ya maji ya miezi mingi, na sikuwapunja, maana kazi ile mimi nisingaliifanya kwa fedha yoyote. Mwenye nyumba alisema karo ni la wapangaji, wapangaji wakasema ni la mwenye nyumba. Hebu nielezeni, katika ushirika wa vitu vitatu, karo ni la nani?

(Hapa palikuwa na kimya ambacho mwandishi hakukiondoa, kwa kuwa ndicho kilichokuwa jawabu la kweli kwa muda huo.)

MAALIM: Swali lako zito, Bibi, na fikihi haikuliacha. Tahara ni nusu ya imani, na mtu hawezi kuwa na tahara ndani ya nyumba inayomnajisi jirani; wala kudhuriana hakuruhusiwi. Rai yangu ni kufufua wakfu. Wazee wetu walikuwa wakiwakfu minazi, na nyumba za kupangisha, na kisima, kodi yake ikalipa mafuta ya taa ya msikiti na kamba ya kisima. Kwa nini tusiwakfu duka moja kwa ajili ya makaro ya mtaa?

BWANA AFYA: Laiti ingekuwa hivyo! Naona wafadhili, wa ndani na wa nje, wakigombania kuchimba visima misikitini. Kila kisima kina bamba la jiwe lenye jina la marehemu aliyekusudiwa thawabu, na mara nyingine kipo hatua chache kutoka karo la vyoo vya msikiti huo huo. Sijapata kuliona bamba juu ya karo.

MAALIM: Kweli inayouma. Nitaisema mimbarini.

MHANDISI WA MAJI: Iseme, Maalim, lakini usiniambie kwamba mji wa watu wengi namna hii utasafishwa kwa sadaka. Bara walikwisha jaribu ukarimu wa namna nyingine: mwaka 1971 serikali ya Tanzania ilianzisha mpango wa miaka 20 kwamba ifikapo 1991 kila mwanakijiji apate maji ndani ya mita 400, bure, kwa fedha ya serikali na ya wafadhili wa nje. Mashine zilikuja na meli, mafundi wakaja nazo, na walipoondoka, ukanda ukikatika hapakuwa na wa kuununua. Mwaka 1991 ulipowadia zaidi ya nusu ya watu wa vijijini walikuwa wangali hawana, na sera mpya ikaanza kuwataka wananchi wachangie. Kilichoua mashine zile si uchoyo. Ziliuawa na ukarimu usiokuwa na mwaka wa pili.

BWANA AFYA: Nao uchangiaji, tangu hapo, umeziponya?

MHANDISI WA MAJI: Zile zenye kamati inayoshika daftari, ndiyo. Nyingine, la.

MAMA WA NG'AMBO: Na wale wageni wa pwani je? Mjukuu wangu mkubwa afanya kazi huko kaskazini, hunihadithia mabwawa ya kuogelea yaliyokaa mbele ya bahari, kana kwamba bahari haikuwatosha.

BWANA AFYA: Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 juu ya vijiji vya utalii vya kisiwa hiki uliona chumba kimoja cha hoteli ya nyota 5 hutumia kwa wastani lita 3,195 kwa siku, na nyumba nzima ya mwenyeji katika vijiji hivyo hivyo lita 93. Nimezikariri namba hizi kwa sababu kila nizitajapo mtu huniomba nirudie.

MAALIM: Rudia.

BWANA AFYA: Lita 3,195, na lita 93.

MAALIM: Basi huyu ndiye wa kutozwa, Mhandisi, na umwache Bibi! Mtu atumiaye katika chumba kimoja maji ya nyumba zaidi ya thelathini hawezi kulalamika kwamba ameonewa.

MHANDISI WA MAJI: Wengi wao wamechimba visima vyao wenyewe, hawanunui kwetu. Na wakivuta kupita kiasi karibu na pwani, maji ya bahari husogea chini ya ardhi, kisima cha kijiji kikageuka chumvi. Sheria yatupa uwezo wa kutoa vibali na kupima. Uwezo nao ni kitu kimoja, na kuingia katika lango la hoteli na mita mkononi ni kitu cha pili. Hata hivyo nakubaliana nanyi hapa, kwamba visima vya watu binafsi vya biashara vipimwe, na kwa kila uniti itolewayo, iwe kwenye bomba letu au kisima cha hoteli, itozwe fedha kidogo ya kusafisha makaro ya mitaa isiyokuwa na bomba la maji machafu. Hamtasema tena kwamba moyo wangu ni wa chuma.

MAMA WA NG'AMBO: Nami nitalipa fedha hiyo?

MHANDISI WA MAJI: Kidogo, Bibi, kwa kila uniti.

MAMA WA NG'AMBO: Na karo la nani litaanza kusafishwa?

MHANDISI WA MAJI: Yale ambayo gari hufika, kisha...

MAMA WA NG'AMBO: Basi nitakuwa nimelipia karo la mwenye njia kuu, naye ndiye mwenye mashine ya kuvuta.

MHANDISI WA MAJI: Kazi huanza pahala panapowezekana. Kuanza pahala si dhulma.

MAALIM: Inakuwa dhulma mwanzo unapokuwa pale pale kila safari. Bomba lilianzia Mji Mkongwe, taa zikaanzia Mji Mkongwe, lami ikaanzia Mji Mkongwe, na kila mara Ng'ambo ikaambiwa ingoje zamu.

MAMA WA NG'AMBO: Gari haliingii, nakubali. Vijana huingia. Waandikeni kazi vijana wale wale, wapeni viatu na glavu na pampu ya mkono wasishuke tena kwa kamba, wapimeni afya zao, walipeni mshahara wa mwezi kama mumlipavyo msoma mita, na wazoe mchana, si usiku kama wezi. Uchochoro kwanza, njia kuu mwisho.

MHANDISI WA MAJI: Hilo laweza kuhesabiwa. Nitalitia katika bajeti, sijui litatoka salama.

BWANA AFYA: Nami nawaunga mkono, kwa sharti moja: wasifukie uwani. Shimo la uwani katika jiwe letu ni karo la pili linaloelekea katika kisima kile kile. Wauchukue uchafu mpaka kituo cha kuukausha na kuutibu, mbali na visima vya mji. Kituo hicho hatunacho katika kila upande wa mji, Mhandisi, nawe wajua.

MHANDISI WA MAJI: Najua. Panatakiwa kiwanja, si kikubwa, ila kiwe karibu na mitaa, maana mkokoteni hauwezi kwenda mbali na mzigo ule.

MAMA WA NG'AMBO: Karibu na mtaa gani?